Kilichomo Ndani ya Jani

Hotuba ya mfamasia kuhusu chunusi na dawa za mimea, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazazi na walimu wa shule ya bweni, Tanga

Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliojaa ukumbi huu: Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni sana kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie chunusi na dawa za asili. Nitasema jambo lenyewe mapema, ili hata atakayeitwa nje katikati ya mazungumzo aondoke nalo. Kinachotibu chunusi ni kiambato kinachojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, kikiwa kimechanganywa kwa namna inayokifikisha mahali kinapotakiwa. Kiambato hicho kinaweza kuwa kimetoka kwenye jani, kwenye gome, kwenye nafaka au kwenye mtungi wa kiwandani. Ngozi haiulizi kilikotoka. Ama jani lenyewe, likitwangwa na kupakwa usoni, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi hapo ndipo watoto wetu wanapoumia.

Wazazi, naanza na nyinyi. Tuache kuwaambia hawa watoto kwamba chunusi zitaisha wakiolewa, au wakizaa, au wakiacha kula karanga. Tuache pia kuwaambia kwamba hawaogi. Kijana mwenye chunusi nyingi anaosha uso kuliko sisi sote tuliomo humu, na mara nyingi kuosha kupita kiasi, kwa sabuni kali na dodoki, ndiko kunakozidisha maradhi. Chunusi ni ugonjwa wa ngozi wenye sababu zake na tiba zake. Wengi wanaupata wakati wa balehe, lakini wingi wa wagonjwa haupunguzi maumivu ya mmoja mmoja. Nimeona vijana wanaokataa kusimama mbele ya darasa. Nimeona waliokataa kupiga picha ya kumaliza kidato cha nne. Mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba kuna kitu kinaponya, atakipaka, chochote kiwacho.

Sasa tuone kinachotokea ndani ya ngozi, kwa sababu bila kukielewa hatuwezi kuipima dawa yoyote.

Mtoto anapobalehe, homoni za androjeni, ambazo wasichana nao wanazo, huziamsha tezi za mafuta zilizo kando ya vinyweleo. Mafuta yanaongezeka. Wakati huohuo seli zilizokufa mdomoni mwa kitundu cha kinyweleo zinagandamana badala ya kuachia, kitundu kinaziba, na mafuta yanabaki ndani. Humo hustawi bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes. Vitabu vya zamani vinamwita Propionibacterium acnes, jina lililobadilishwa mwaka 2016. Mwili nao unapambana naye, ngozi inavimba, inauma, inatunga usaha. Kwa hiyo mambo ni manne: mafuta, kuziba, bakteria na uvimbe. Dawa yoyote mtakayoletewa, iwe ya hospitali au ya babu kijijini, ulizeni inagusa lipi kati ya hayo manne.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna la tano, na naomba mlishike kuliko mengine yote. Ngozi yetu ikivimba au kuungua, chembe zinazotengeneza rangi huchochewa na kumwaga rangi nyingi pale palipoumia. Chunusi ikishapona linabaki doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Wateja wengi wanaokuja kwenye dirisha la dawa wakiniambia wana chunusi, nikiwatazama vizuri naona chunusi mbili tatu na madoa kumi na kitu. Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachochoma uso, hata kama kinaua bakteria, kwetu ni hasara. Kitaondoa chunusi moja na kuacha doa mahali pake, na mtoto atatafuta kitu kikali zaidi cha kuondoa doa.

Nije kwenye mimea. Nitaanza na ile iliyofanyiwa kazi mpaka ikaeleweka.

Wa kwanza ni mti wa wilo, unaoota kando ya mito huko Ulaya. Mwaka 1763 padri wa Kiingereza aitwaye Edward Stone aliiandikia Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, kwamba amewapa watu wenye homa unga wa gome lake wakapata nafuu. Mwaka 1828 Johann Buchner, mkemia wa Munich, alichuja kutoka gome hilo kitu cha manjano kichungu, akakiita salisini. Miaka kumi baadaye Raffaele Piria akaibadilisha salisini kuwa asidi salisiliki. Baadaye hakuna aliyehitaji tena kuchuna gome. Asidi salisiliki iliyomo kwenye sabuni na losheni za uso mnazoziona madukani leo hutengenezwa kiwandani, na ni ileile hasa. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ina uwezo wa kuingia ndani ya kitundu kilichojaa mafuta na kuziachanisha seli zilizogandamana. Kwenye bidhaa za chunusi huwekwa kati ya asilimia 0.5 na 2.

Hapo kwenye kipimo nikae kidogo. Wengi wenu mnayajua mafuta ya Whitfield, yale ya mapunye na fangasi za miguu. Ndani yake mna asidi salisiliki asilimia 3 na asidi benzoiki asilimia 6, kwenye mafuta mgando mazito. Kuna wanafunzi wanaopaka hayo usoni kwa sababu mmoja wao amesoma kwenye kopo akaona neno salisiliki. Kiambato ni kilekile, lakini kipimo kimepanda, kimeongezwa asidi nyingine, na mafuta mazito yanaziba kile kitundu tunachotaka kukizibua. Dawa za kuondoa sunzua zina salisiliki nyingi zaidi ya hapo, asilimia 17 na kuendelea. Hizo zikipakwa shavuni zinababua. Kwa hiyo usisome jina peke yake. Soma na namba iliyo mbele yake.

Wa pili ni mti wa Australia, Melaleuca alternifolia, ambao mafuta yake yanauzwa hapa kwetu kwa jina la tea tree. Hauhusiani na chai. Wenyeji wa Australia waliyatumia majani yake kwa vidonda kabla ya wageni kufika, na miaka ya 1920 mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, alionyesha kwamba mafuta yake yanaua vijidudu. Kiambato kikuu ni terpineni-4-oli. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Australia lilichapisha utafiti wa wagonjwa 124: baadhi walipewa jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, wengine losheni ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ambayo ni dawa ya hospitali ya siku nyingi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mafuta ya mti yalichelewa kufanya kazi, lakini yalikausha na kuwasha ngozi kidogo kuliko dawa ile nyingine. Miaka ya baadaye watafiti wa Iran walijaribu jeli ya kipimo hichohicho dhidi ya jeli tupu, na yenye dawa ikashinda.

Angalieni tena ile namba: asilimia 5. Chupa ndogo ya kahawia mnayoinunua dukani mara nyingi ni asilimia 100. Ukiipaka ilivyo, inaunguza, na wapo ambao ngozi yao inaikataa moja kwa moja ikawa mzio wa maisha, hasa chupa ikishakaa wazi muda mrefu na mafuta yakaharibika kwa hewa. Halafu kuna wanaochanganya wenyewe, tone moja ndani ya kijiko cha jeli ya mshubiri. Nia ni nzuri. Lakini mafuta na jeli ya maji havichanganyiki. Ukikoroga utaona vitone vidogo vinavyoelea, na pale kitone kinapoangukia shavu linapokea mafuta yasiyopunguzwa. Nunua iliyokwisha kuchanganywa kiwandani. Na isinywewe kamwe. Mafuta hayo ni sumu tumboni.

Wa tatu, mkikumbuka kitu kimoja tu leo, basi mkumbuke huyu. Anaitwa asidi azelaiki. Imo kwenye nafaka kama ngano, shayiri na rai. Lakini kilichowafikisha wanasayansi kwake ni fangasi. Mnawajua wale fangasi wanaoacha mabaka meupe kifuani na mgongoni, hasa kwenye joto kama letu la pwani. Miaka ya 1970 watafiti wa Roma walikuwa wakijiuliza kwa nini ngozi inapauka pale fangasi huyo anapokaa. Wakagundua kwamba anatengeneza asidi za aina fulani, azelaiki ikiwemo, na kwamba asidi hizo zinakizuia kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, kile ambacho ngozi hukitumia kutengeneza rangi. Walipoendelea kuichunguza ikaonekana kwamba inapunguza bakteria wa chunusi, inalegeza seli zinazoziba vitundu, na inatuliza uvimbe. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha krimu yake ya asilimia 20 kwa chunusi.

Mnaona kwa nini naipenda? Inagusa matatu kati ya yale manne, na inagusa la tano letu. Inafifisha doa linaloachwa na chunusi bila kuibabua ngozi nzima kama mkorogo. Bakteria hawajaonekana kuizoea kama walivyozizoea baadhi ya antibayotiki. Erithromaisini ya kupaka, kwa mfano, imeshapoteza nguvu katika nchi nyingi kwa sababu ilitumiwa ovyo. Na mama mjamzito anaweza kuipaka kwa ushauri wa daktari, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu dawa za kundi la vitamini A kama tretinoini, achilia mbali vidonge vya isotretinoini, ambavyo humharibu mtoto tumboni. Ubaya wa azelaiki ni kwamba inanyonyota wiki za mwanzo, na inataka uvumilivu. Lakini tafadhali, nisije nikasikia kesho mtu amekoroga unga wa ngano na maji akajisiliba usoni kwa sababu mama mfamasia kasema imo kwenye ngano. Imo kidogo mno, tena imefungwa ndani. Jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20 ndiyo dawa. Uji wa ngano ni kifungua kinywa.

Hapo ndipo lilipo pengo ambalo maneno ya mtaani yanaliruka. Kitu kikiua bakteria kwenye sahani ya maabara, watu wanatangaza kwamba kinatibu chunusi. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kimoja cha Leeds, Uingereza, walitangaza kwamba maji ya pombe yaliyolowekwa mmea wa thaimu yaliua bakteria wa chunusi haraka, na kwa nguvu kuliko benzoili peroksaidi kwa vipimo vyao. Manemane nayo ilikuwamo kwenye jaribio lile, ikaonyesha uwezo. Habari ikazunguka dunia nzima. Lakini ilikuwa sahani. Kwenye sahani bakteria yuko uchi. Kwenye uso wako yuko chini, ndani ya kitundu kilichozibwa kwa mafuta na ngozi iliyokufa. Kumfikia huko bila kuiharibu ngozi ya juu ni kazi nyingine. Mwaka 2015 shirika la Cochrane lilipokusanya tafiti 35 za tiba za asili na mbadala za chunusi, zenye washiriki 3,227, lilikuta ushahidi dhaifu kwa karibu kila kitu. Mafuta ya tea tree yalikuwa miongoni mwa machache yaliyoonyesha dalili njema. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 unakubali azelaiki na salisiliki, lakini kwa dawa za mitishamba kwa ujumla unasema ushahidi hautoshi.

Sasa tuingie jikoni na uani kwetu.

Nianze na ndimu, kwa sababu imewaumiza wengi. Msichana mmoja aliletwa na mama yake pale ninapofanyia kazi, mama akidhani mtoto kamwagikiwa na uji wa moto. Shavuni kulikuwa na baka jeusi lenye malengelenge pembezoni, na kutoka hapo michirizi miwili mitatu ikashuka mpaka shingoni, myembamba, imenyooka. Vidole viwili vya mkono wa kulia navyo vilikuwa vyeusi. Ile michirizi ndiyo iliyonipa jibu kabla sijauliza swali: ni njia ya maji yaliyotiririka. Alikuwa amekata ndimu, akaichovya kwenye chumvi, akajisugua, kisha akatoka kwenda kuanika nguo. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikikaa kwenye ngozi na jua likazipiga, zinawaka na kuiunguza ngozi. Kidonda hakionekani palepale. Kinakuja baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo wengi hawakumbuki kuihusisha na ndimu. Doa lake linaweza kukaa miezi.

Na hata bila jua, wanafunzi wa kemia mnisaidie. Ngozi yenye afya ina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi ni kali zaidi, karibu na 5. Maji ya ndimu yana pH karibu na 2. Kila hatua moja ni mara kumi. Mmepata jibu? Mara elfu moja. Hakuna uso unaohitaji asidi iliyo kali mara elfu kuliko ulivyoumbwa.

Kitunguu saumu kiko kundi hilohilo: kikisagwa na kubandikwa kinaunguza kabisa, na madaktari wameandika visa vingi vya watu waliopata majeraha kama ya moto kwa sababu yake. Karafuu ni fahari ya Unguja na Pemba, lakini mafuta yake, ambayo sehemu kubwa ni eujenoli, yasipakwe usoni yakiwa hayajapunguzwa. Dawa ya meno na magadi, hapana.

Mafuta ya nazi yanahitaji maelezo, maana hapa Tanga nikiyasema vibaya nitafukuzwa mji. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi lauriki, na mwaka 2009 watafiti wa California walionyesha kwamba asidi lauriki inamuua bakteria wa chunusi. Ni kweli. Lakini asidi lauriki iliyotengwa si sawa na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa kwenye tui. Mafuta mazima, kwa mtu mwenye ngozi ya chunusi, yanaziba vitundu. Yapakeni miguuni, mikononi, yanafaa sana. Usoni, mwenye chunusi ayaache. Na wasichana, hata yale ya nywele yanashuka. Tangu mwaka 1970 madaktari wameeleza chunusi za kipajini na kandokando ya nywele zinazoletwa na mafuta ya kichwa, na waliziona kwa Wamarekani weusi wanaotunza nywele kama sisi. Ukisukwa na kichwa kikapakwa mafuta, funga kitambaa safi usiku na upanguse kipaji asubuhi. Wapo waliopona kwa hilo tu.

Mshubiri ni rafiki, ukiujua. Kata jani nene la chini, lisimamishe wima ndani ya kikombe, kata chini, uache ule utomvu wa manjano utiririke mpaka ukome. Utauona unatoka pembeni, karibu na ganda. Huo ndio wenye aloini, unawasha ngozi, na ukinywewa unaendesha tumbo vibaya. Kisha osha jani, limenye, chukua ute wa katikati unaong'aa kama kioo, uoshe tena. Ute huo unatuliza na kuipa ngozi maji. Peke yake hautibu chunusi nzito. Kwenye utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa waliopaka jeli ya mshubiri pamoja na tretinoini walipata nafuu zaidi kuliko waliopaka tretinoini bila mshubiri, na wekundu wa ngozi zao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Hapo ndipo mahali pake, kuisindikiza dawa. Ute uliokatwa leo utumiwe leo. Ukiukalisha mezani unaota vijidudu. Mshubiri pori nao usiuchukulie kuwa ni uleule wa bustanini, kwa sababu jamii zake ni nyingi na kemikali zake zinatofautiana.

Mwarobaini mnaujua nyote. Maabara inaonyesha una kemikali zinazopunguza bakteria na uvimbe, na naamini siku moja kutatoka kwake dawa ya kupaka iliyopimwa vizuri. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Kwa sasa majani yaliyotwangwa kwenye kinu cha jikoni, kwa maji ya ndoo, juu ya chunusi iliyopasuka, ni kuingiza vijidudu vipya kwenye kidonda. Mafuta yake msiwanyweshe watoto wadogo kabisa. Yamewahi kuwadhuru vibaya.

Manjano, liwa na singo ni urembo wetu wa pwani na sina neno nao. Bibi harusi asingwe. Ila singo husuguliwa, na chunusi yenye usaha ikisuguliwa inapasukia ndani. Mwenye chunusi usoni asingwe mwilini, uso uachwe.

Chai nayo nimeulizwa na mzazi mlangoni. Kuna kiambato cha chai kiitwacho EGCG, na watafiti wa Korea Kusini mwaka 2013 walikipaka kwa wagonjwa kwa wiki 8, kwa asilimia 1 na asilimia 5, chunusi zikapungua. Milima yetu ya Usambara ina mashamba ya chai, Mufindi pia, na wenzetu wa Kericho wanajulikana dunia nzima. Lakini chai yetu nyingi ni nyeusi. Jani la chai likivingirishwa na kuachwa lishikane na hewa mpaka liwe jeusi, sehemu kubwa ya kiambato hicho hugeuka kuwa kitu kingine. Chai ya rangi inywewe. Ningetamani sana kuona vijana wa humu ndani, mtakaosoma kemia chuoni, mkichukua jani bichi la Lushoto na kutengeneza jeli yenye kipimo kinachoeleweka. Malighafi iko mlimani pale, inaonekana kutoka barabarani.

Sasa niseme kwa uzito kuhusu vikopo visivyo na maandishi. Vinauzwa kwa jina la krimu ya asili, krimu ya mitishamba, wakati mwingine vimechorwa jani. Ukipaka, chunusi zinanywea ndani ya siku tatu nne na uso unang'aa. Mti haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Kwa kawaida ndani mmetiwa steroidi, betamethasoni au klobetasoli, na wakati mwingine haidrokwinoni au zebaki, vitu vilevile vya mkorogo. Steroidi inazima uvimbe kwa haraka, halafu yenyewe inaleta chunusi, vipele vidogo vingi vinavyofanana, na ngozi inakuwa nyembamba. Ukiacha, uso unalipuka, unarudi kuipaka, umefungwa. Kama kuna mtu humu ameshaingia huko, asiache ghafla akiwa peke yake na asione haya. Aje hospitali, na aje na kopo. Tutaishusha dozi taratibu.

Mnataka kujua mfanye nini kesho asubuhi. Osha uso mara mbili kwa siku, kwa mkono, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Kama chunusi ni chache, tumia kitu kimoja, kwa mfano salisiliki ya asilimia 2 au azelaiki. Anza siku moja moja ukiruka, na kabla ya uso jaribu nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa siku mbili tatu. Ukikianza, kipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kukihukumu. Najua ni muda mrefu kwa mtu wa miaka 17. Kitundu cha ngozi hakizibuki kwa siku moja, na wanaobadilisha dawa kila wiki wanaishia kuiwasha ngozi bila kuitibu. Linda uso na jua, kwa kofia, mtandio, na mafuta ya kuzuia jua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, kwa sababu jua linakoleza madoa. Usitumbue.

Ukiwa na vinundu vya ndani ya ngozi vinavyouma, au makovu yameanza kubonyea, au zimeenea mgongoni na kifuani, acha kununua vitu dukani uende kwa daktari wa ngozi. Msichana mwenye chunusi nyingi pamoja na hedhi zinazoruka miezi na ndevu zinazoota kidevuni naye aende, huenda homoni zinahitaji kuangaliwa. Hatuko mbali na msaada: hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na waliosomeshwa pale wako hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani.

Mkuu wa Shule, nina maombi mawili kwako, nayaomba mbele ya wazazi ili tuyabebe pamoja. La kwanza, mwanafunzi aliyeandikiwa krimu ya chunusi au mafuta ya kuzuia jua aruhusiwe kukaa nayo bwenini, isihesabiwe kuwa kipodozi na kunyang'anywa kwenye ukaguzi. Dawa inayopakwa wiki moja na kukaa ofisini wiki mbili haitafanya kazi. La pili, matroni na patroni wapewe nafasi ya kufundishwa kuzitambua krimu zenye steroidi. Niko tayari kuja kwa kazi hiyo Jumamosi yoyote, bila malipo.

Na nyinyi wanangu, niliwaomba kupitia walimu wenu mje na vile mnavyopaka. Naona mifuko mingi chini ya viti. Meza ile ya kushoto nimeweka karatasi na kalamu. Njooni safu moja moja, tusome maandishi ya kila kopo pamoja, tuandike kiambato na kipimo chake, na lile lisilo na maandishi tuliweke pembeni.